*Espera* au *espere*? Kumpa mgeni amri kwa Kihispania

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Mombasa, natembeza watalii Mji wa Kale, na siku hizi napata wageni wanaosema Kihispania. Programu ya simu imenifunza *espera*, *mira*, *sube*, *bebe*. Juzi mama mmoja mtu mzima kutoka Mexico aliniandikia kwenye karatasi *espere*, *mire*, *suba*, *beba*. Naona irabu za mwisho zimegeuka, tena hazikugeuka upande mmoja. Yapi ndiyo sahihi? Na nikiwa na kundi niseme vipi? Hizi ndizo sentensi ninazozitumia, nirekebishie: *Entra, señora, y mira la puerta. Sube las escaleras, señores. Por favor, me espera aquí.* Na hii huwa naituma kwa simu mgeni akipotea njia: *Cruze la calle y busce la puerta azul.*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Yote ni sahihi, ya simu na ya yule mama. Kinachoyatenga ni mtu unayesema naye. *Espera* huambiwa mtu mmoja unayemwita *tú*: rafiki, ndugu, mtoto, mtu wa rika lako mliyezoeana. *Espere* huambiwa mtu mmoja unayemwita *usted*: mtu mzima, mteja, mgeni ambaye ndio kwanza mmekutana. Kundi huambiwa *esperen*. Kwa kazi unayoifanya, shika kwanza yale ya kwenye karatasi, ya simu yafuate. Programu imekufunza lugha ya marafiki, na wewe unasimama mlangoni mwa Fort Jesus kupokea watu wa umri wa wazazi wako.

Kiswahili chako kinakusaidia hapa kuliko unavyodhani. Ukitaka mtu angoje, una njia mbili za kumwambia: *ngoja hapa*, au *ungoje hapa*. Mjukuu hamkatii bibi yake neno “Ngoja!” halafu akaenda zake, atasema “Ungoje kidogo, bibi, naja.” Angalia kilichofanyika. Mbele imeingia *u-*, na nyuma *-a* imekuwa *-e*. Umbo hilo ndilo tunalolitumia pia katika “nataka angoje” na “afadhali angoje”. Ni umbo la kutaka jambo, na kwa kuwa linataka badala ya kuagiza, linasikika pole zaidi masikioni mwa mtu mzima.

Kihispania kimepita njia hiyo hiyo. Amri ya *tú* ni umbo tupu, kama *ngoja*. Amri ya *usted* imeazimwa kutoka umbo la kutaka, kama *ungoje*. *Espere* ya yule mama ndiyo *espere* iliyomo katika *quiero que espere*, nataka angoje. Kwa hiyo ukijifunza amri za heshima leo, umeshajilimbikizia sehemu kubwa ya somo ambalo wanafunzi wengi hulikimbia baadaye.

Sasa tuyaunde. Vitenzi vya Kihispania vina koo tatu, na ukoo hujulikana kwa mwisho wa kitenzi kikiwa kwenye kamusi: *-ar* kama *esperar* (kungoja), *-er* kama *beber* (kunywa), *-ir* kama *subir* (kupanda). Kwa *tú*, ondoa *r* tu: *espera*, *bebe*. Ukoo wa *-ir* una jambo moja zaidi, *i* inageuka kuwa *e*, ndiyo maana tunasema *sube*. Umbo hili linafanana kabisa na la “yeye” la wakati uliopo, kwa hiyo *espera* peke yake yaweza kuwa “ngoja” au “anangoja”. Usijali. Sauti na mahali ulipo huamua, na kwenye maandishi Wahispania hukusaidia kwa alama mbili za mshangao, moja kichwa chini mwanzoni na nyingine mwishoni: *¡Espera!*

Kwa *usted*, usianzie kwenye kamusi. Anzia kwenye “mimi”: *espero*, nangoja, *bebo*, nanywa, *subo*, napanda. Toa ile *o*. Ukoo wa *-ar* unapewa *e*: *espere*. Koo za *-er* na *-ir* zinapewa *a*: *beba*, *suba*. Nakupitisha kwenye “mimi” kwa makusudi, ingawa kwa vitenzi vya kawaida ungefika hata ukianzia kwenye kamusi. Siku utakapokutana na vitenzi vyenye vurugu, kwa vingi njia hii bado itakufikisha: *tengo* itakupa *tenga*, na *digo* itakupa *diga*, neno ambalo watu wa Uhispania hulitamka wakipokea simu.

Hapa ndipo penye mtego, na ndio uliokusumbua uliposema irabu hazikugeuka upande mmoja. Sikio la Mswahili limezoea kwamba *-a* mwishoni ni amri tupu na *-e* ni amri ya adabu. Kwa ukoo wa *-ar* sikio hilo litakuongoza vizuri: *mira* ni tupu, *mire* ni ya adabu, sawasawa na *tazama* na *utazame*. Lakini ukifika kwa *subir*, sikio litakudanganya. *Sube* itakujia kama ya adabu kwa sababu ina *-e*, kumbe ndiyo ya rafiki. *Suba* itakujia kama ya ukali, kumbe ndiyo ya heshima. Nimewasikia wanafunzi hodari, wanaojua kanuni yote kwa kichwa, wakimwambia mzee *bebe, señor* kwa sauti ya unyenyekevu kabisa. Nia njema, irabu ya rafiki.

Dawa yake ni kuacha kuuliza “hii inaishia na nini?” na kuuliza “irabu hii ni ya nyumbani au ya ugenini?” Ukoo wa *-ar* nyumbani kwake ni *a*. Koo za *-er* na *-ir*, nyumbani kwao katika amri ni *e*. Rafiki unampa irabu ya nyumbani, mtu wa heshima unampa ya ugenini. Ukilishika hilo, huhitaji jedwali. Sentensi yako ya kwanza basi inakuwa: *Entre, señora, y mire la puerta.* Umemwita *señora*, neno la heshima, kisha ukamwamuru kama mnacheza naye bao. Vitu hivyo viwili havikai pamoja.

Kundi ni jepesi. Kama sisi tunavyoongeza *-ni* kwenye *ngojeni*, Kihispania kinaongeza *n* kwenye umbo la *usted*: *esperen*, *beban*, *suban*. Lakini *n* hiyo ni konsonanti ya kufungia neno, na maneno yetu mengi huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi utataka ama kuimeza ama kuitilia *i* nyuma yake. Ukiimeza, umesema na mtu mmoja na wengine wamebaki wanatazamana. Ukiitilia irabu, umetunga neno ambalo halipo. Itamke, kisha funga hapo hapo. Kwa hiyo: *Suban las escaleras, señores.*

Je, nani hasa ni *tú* na nani ni *usted*? Hili halina jibu moja kwa nchi zote zinazosema lugha hii. Watu wa Uhispania huingia kwenye *tú* upesi, hata na mhudumu wa mkahawa, na mgeni wa huko wa umri wako pengine ataona *usted* yako ni ya mbali kidogo. Mexico watu hushikilia *usted* kwa wazee na kwa watu wasiowajua. Colombia kuna sehemu ambako *usted* husemwa hata na rafiki, hata na mtoto wa nyumbani. Ushauri wangu ni uanze na *usted* kwa kila mtu mzima, kisha umwachie mgeni mwenyewe akufungulie mlango. Akitaka kuufungua atakwambia *tutéame*, yaani niite *tú*, na hapo hapo amekupa mfano wa somo letu: kitenzi cha kawaida *tutear*, amri ya *tú*. Kukosea kwa kuzidisha heshima husahaulika hapo hapo. Kukosea kwa kuipunguza ndiko huacha doa.

Wageni kutoka Uhispania watakuletea umbo jingine. Kundi la marafiki wao hulisemesha kwa *vosotros*, na amri yake huundwa kwa kuibadili *r* ya kamusi kuwa *d*: *esperad*, *bebed*, *subid*. Wenyewe wakizungumza haraka mara nyingi husema *esperar* badala ya *esperad*, na walimu wa lugha huko hawapendi. Wewe yajue ili uyaelewe. Huna haja ya kuyasema, kwa sababu *ustedes*, yaani *usted* ya kundi, ile ya *esperen*, inaeleweka Uhispania nzima, na Amerika ya Kihispania yote ndiyo wanayoitumia kwa kila kundi, liwe la heshima au la watoto wa shule.

Mtu wa Argentina au Uruguay naye atakwambia *mirá*, *bebé*, *subí*, mkazo ukiwa mwishoni. Hajakosea. Badala ya *tú* wao wana *vos*, na amri yake ni kitenzi cha kamusi kilichoondolewa *r* na kutiliwa mkazo kwenye irabu ya mwisho.

Sentensi ya kupotea njia ni suala la maandishi. Umeandika *cruze* na *busce*. Kwa sikio la mtu wa Mexico *cruze* inasikika sawa, lakini Kihispania hakipendi kuandika *z* mbele ya *e*, huweka *c*: *cruce*. Ya pili ni nzito zaidi, maana *busce* haisomeki “buske” hata kidogo. Herufi *c* ni “k” mbele ya *a* na *o*, lakini mbele ya *e* inabadilika sauti. Ili “k” ya *buscar* ibaki, wanaandika *qu*: *busque*. Vivyo hivyo *sacar* inatoa *saque*, *tocar* inatoa *toque*. Na *pagar* inatoa *pague*, *llegar* inatoa *llegue*, kwa sababu *g* mbele ya *e* huwa sauti ya kooni inayokaribia *kh*, na ile *u* ya kimya imewekwa kuilinda isigeuke. Sisi tunaandika *k* na *g* zetu bila kuangalia jirani, ndiyo maana jambo hili hutukwaza. Wanafunzi huviita vitenzi hivi vya vurugu, lakini mimi navihesabu vya kawaida kabisa. Sauti haikubadilika, na maandishi yamebadilika ili sauti isibadilike. Andika basi: *Cruce la calle y busque la puerta azul*, yaani vuka barabara utafute mlango wa buluu.

Imebaki ile ya *me espera aquí*, na kosa lake limetoka moja kwa moja kwenye Kiswahili. Sisi tunasema *ningoje*, *nipigie*, *nionyeshe*, na yule “mimi” anakaa mbele. Katika amri ya kukubali, Kihispania humbandika nyuma na kuandika neno moja: *espéreme aquí*. Ukiwa na kundi: *espérenme aquí*. *Nipigie simu* kwa *usted* ni *llámeme*, kwa *tú* ni *llámame*. Tazama vizuri hizo mbili. Kiswahili kikipachika *ni-* katika amri, *-a* ya mwisho inakuwa *-e* hata kama unasema na mdogo wako: *ngoja* lakini *ningoje*. Kihispania hakina desturi hiyo. Kiwakilishi kinachobandikwa hakiigusi irabu hata kidogo. Anayeigusa ni *usted* peke yake. Ukizoea kusikia “mimi” na *-e* vikija pamoja, utamwambia kila rafiki *llámeme*, naye atashangaa umemkasirikia nini.

Kisha mkazo. Karibu kila neno la Kiswahili huwa na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo unahamia mbele pamoja nalo: tunakaza *go* katika *ngoja*, lakini *je* katika *ngojeni*. Mkazo wa Kihispania hauhami. *Espere* unakaza *pe*, na ukibandika *me* unaendelea kukaza *pe* ile ile, ambayo sasa imekuwa ya tatu kutoka mwisho. Kale kakistari juu ya *é* katika *espéreme* kamewekwa kukwambia hivyo. Ukibandika viwili, kama *enséñemelo*, nionyeshe hicho, mkazo unabaki kwenye *sé*, sasa silabi ya nne kutoka mwisho, na ulimi wetu hapo huona taabu kwelikweli. Fanya hivi: sema *enseñe* mara kadhaa mpaka itulie, halafu ongeza *melo* kwa sauti ya chini bila kuigusa ile ya kwanza. Ukitamka *espereme* kwa mkazo wa Kiswahili, mgeni pengine atakuelewa, lakini atakuwa amelazimika kufikiri, na mtu anayevuka barabara ya tuktuk hana nafasi ya kufikiri.

Viwakilishi vya kujirudia navyo hubandikwa vivyo hivyo, na wewe unavihitaji kila siku. Ukiwaingiza wageni nyumba ya mtu Mji wa Kale, utataka wavue viatu. *Quitarse* ni kujivua, kwa hiyo mtu mmoja wa heshima ni *quítese los zapatos*, kundi ni *quítense los zapatos*, na *n* inakaa kabla ya *se*, haiendi mwisho. Kumwomba mama ajifunike mabega: *cúbrase los hombros, por favor*. Hiyo *por favor* weka mbele au nyuma, vyovyote. Wahispania hawaioni amri kuwa ni ukali kama inavyoweza kusikika kwetu. Dukani na mkahawani husema *mire*, *tome*, *pase* bila kuzizungushia maneno mengi, na hakuna anayenuna, maadam irabu imemfaa anayeambiwa.

Namna nzuri ya kuzoea ni kuzitembeza amri kwenye njia yako mwenyewe badala ya kukariri jedwali. Umesimama na kundi mbele ya ngome: *Entren*, ingieni. Ndani: *Miren el mar*, tazameni bahari. Kwenye ngazi: *Suban despacio*, pandeni polepole, kisha *bajen con cuidado*, shukeni kwa uangalifu. Wakitoka kuingia Ndia Kuu: *Crucen la calle.* Penye milango ya nakshi: *Miren la madera, saquen fotos*, tazameni mbao, pigeni picha. Kwenye madafu: *Beban, está fresco.* Zote hizo ni vitenzi vya kawaida, na koo zote tatu zimo. Siku ya pili rudia njia ile ile ukimsemesha mtu mmoja wa heshima kwa kuondoa *n*. Siku ya tatu mchukue rafiki yako umwambie kwa *tú*: *entra, mira, sube, baja, cruza, saca, bebe*. Utaona kwamba *sube* na *bebe* ndizo zitakazokukwamisha, basi zirudie hizo zaidi kuliko nyingine.

Ukiwa mlangoni mwa ngome na wageni wako wametoka Uhispania, nakupa sentensi moja watakayoipenda, kwa sababu inawahusu. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, wakati mfalme wa Ureno alikuwa ndiye mfalme wa Uhispania pia, Felipe wa Pili. Waambie: *Miren: el rey que mandó construir este fuerte era también rey de España.* Ile *miren* ya mwanzo ndiyo inayowageuza vichwa kabla hujasema lolote, kama *tazameni* yetu.

Viko vitenzi vichache vya kila siku ambavyo amri yake ya *tú* imekatwa ikabaki fupi: *ven*, njoo, *pon*, weka, *sal*, toka, *haz*, fanya, *di*, sema, *ten*, shika, *ve*, nenda, *sé*, uwe. Mbona hata sisi *njoo* na *nenda* zetu hazifuati kanuni. Vijue kwa macho kwa sasa, lakini usivichanganye na hivi vya kawaida mpaka hivi vikae. Na kanuni zote nilizokupa ni za kumwambia mtu afanye. Kumkataza ni njia nyingine, usijaribu kuweka *no* mbele ya *espera* ukadhani umemaliza, kwa maana huko hata *tú* huacha umbo lake tupu na kuingia kwenye umbo la kutaka: *espera*, lakini *no esperes*, *sube*, lakini *no subas*. Kwa *usted* na *ustedes* hakuna kinachobadilika, *espere* inakuwa *no espere* na *suban* inakuwa *no suban*, kwa hiyo ukiyashika kwanza ya yule mama wa Mexico, nusu ya kukataza unayo tayari.